Mtunza Samadi Mkuu

Zamani hizo wanyama ndio waliokuwa wakilima, binadamu alikuwa bado hajapata wazo hilo. Katika Bonde la Mikindu walilima mpunga. Sehemu ya mavuno walikula, na sehemu kubwa zaidi waliipeleka Bomani kwa Simba, mwenye nchi, ambaye hakula mpunga lakini alipenda kuuona umerundikwa.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha kama ilivyotakiwa, kwa wakati na kwa kiasi, na bado njaa ikaingia. Hilo liliwachanganya wakulima. Ukame walikuwa wanaujua: unakuja, unakaa, unaondoka, unaacha mifupa. Lakini mpunga uliosimama ndani ya maji huku umekuwa wa manjano na mwembamba kama ndevu za beberu, ugonjwa huo hawakuwa na jina lake.

"Udongo una njaa," alisema Ngiri.

Ngiri alikuwa na haki ya kusema, maana hakuna aliyekaa karibu na udongo kama yeye. Ngiri hulima akiwa amepiga magoti. Ndivyo alivyoumbwa: shingo fupi, na chakula kiko chini. Lakini wakubwa wa Boma walipopita bondeni walimkuta magotini asubuhi, wakarudi jioni wakamkuta magotini, na kila mwaka wakamsifu kuwa raia mwenye adabu kuliko wote. Ngiri hakuwasahihisha. Sifa haijazi tumbo, ila pia hailipunguzi.

Sababu ya njaa ya udongo kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja kwa sauti.

Awali Tembo, Nyati na Kifaru waliishi kwenye vilima vinavyolizunguka bonde. Walikuwa waheshimiwa, wenye pembe zao na majivuno yao, na kila alfajiri waliposhuka kunywa maji waliacha mashambani kile ambacho mheshimiwa yeyote aliyeshiba hukiacha. Wakulima walikifukia, na mpunga ukacheka. Baada ya mavuno kila kaya ilipeleka kapu la bilinganya mlangoni kwa Tembo, na Tembo akasema, "Ah, jamani, mngeacha tu," huku akila. Hakuna aliyeiita biashara. Waliiita ujirani.

Kisha Simba akaanza kukosa usingizi. Kila alipofumba macho aliona pembe. Akatoa amri kwamba kila mwenye pembe ahamie Bomani na mke na watoto, akae karibu na mfalme wake, amwonyeshe mapenzi. Kwao angeruhusiwa kurudi msimu wa kupanda tu, kusalimia makaburi, na familia yake ingebaki Bomani ili asije akasahau njia ya kurudi. Amri hiyo iliitwa Amri ya Upendo.

Waheshimiwa wakahamia Bomani, na matumbo yao yakahamia nao. Bondeni udongo ukabaki mtupu. Bomani, nyuma ya ukumbi wa mfalme, likaanza kuota lundo.

Hapo ndipo alipojitokeza Fisi. Fisi alikuwa anajulikana nchi nzima kwa kula hata visivyolika, na kwa kuuliza kama kuna vingine. Alimwendea Simba, akainama.

"Bwana Mkubwa, lundo lile nitaliondoa mimi. Mshahara sitaki."

"Unataka nini basi?"

"Lenyewe."

"Lote?"

"Lote, Bwana Mkubwa. La leo na la kesho. Na liwe langu peke yangu, asiguse mwingine. Nisijepigania riziki na kina Mbweha."

Simba hakuona hasara katika kutoa asichokitaka. Kasuku, mpiga mbiu, akapanda kwenye mti akatangaza: "Kila kidondokacho ndani ya ua wa Boma ni mali ya Fisi, Mtunza Samadi Mkuu, na ni yake peke yake. Mwingine atakayeigusa, hata kwa ncha ya ukwato, ataliwa."

Bondeni kitu hicho kilikuwa kikiitwa mavi. Bomani kilipata cheo.

Mwanzoni Fisi aliuza kwa upole. Kapu la samadi leo, kapu la mpunga wakati wa mavuno. Wakulima wakaona si vibaya. Mwaka uliofuata kapu la samadi likawa la makapu mawili ya mpunga, na ndani yake mkaanza kuonekana mchanga. Aliyeuliza kuhusu mchanga aliambiwa kwamba Tembo amebadilisha chakula. Aliyeshindwa kulipa aliweka shamba rehani. Kakakuona alikuwa wa kwanza kulipoteza lake. Sasa alilima shamba lile lile, mitaro ile ile, chini ya jua lile lile, ila mavuno yalikwenda kwa Fisi, naye alipewa makapi.

Safari hii zamu ilikuwa ya Ngiri.

"Ndugu yangu Ngiri," alisema Fisi, akiwa amesimama kwenye tuta la shamba na kulipima kwa macho. "Babu yako ndiye aliyechimba mtaro huu?"

"Baba wa babu yangu, Bwana Mtunza."

"Ameuchimba vizuri sana. Namshukuru." Akacheka kile kicheko chake. "Tulipatana nini mwaka jana?"

"Nisipolipa mavuno haya, shamba ni lako."

"Mimi sipendi, ndugu yangu. Moyo wangu unaniuma. Lakini mapatano ni mapatano. Sasa, samadi ya msimu huu utachukua kapu ngapi?"

"Nikichukua, nitalipa nini? Mavuno yote tayari ni yako."

"Ukiacha kuchukua, mavuno yenyewe hayatakuwapo. Fikiri, ndugu yangu. Mimi sikulazimishi." Akaondoka akitembea taratibu, akihesabu mitende.

Bi Ngiri alitoka jikoni akamtazama mumewe. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitafikiri."

"Na yeye kakwambia nini?"

"Kaniambia nifikiri."

"Basi mmepatana," alisema Bi Ngiri, akarudi ndani akagonganisha vyungu kwa nguvu kuliko vilivyostahili.

Ngiri akafunga safari kwenda Bomani kulalamika. Alipofika langoni alimkuta Kasuku, ambaye zaidi ya kupiga mbiu alikuwa pia msikilizaji wa malalamiko, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuyarudia bila kuyaelewa.

"Nina lalamiko," alisema Ngiri.

"Lalamiko!" alisema Kasuku. "Utaratibu unaujua?"

"Siujui, mheshimiwa."

"Utaratibu ni mwepesi. Wa kwanza kulalamika huliwa, kwa sababu ndiye mchochezi. Wa pili husikilizwa."

"Na huyo wa pili, amewahi kusikilizwa?"

"Bado hajafika," alisema Kasuku. "Wewe ni wa ngapi?"

Ngiri akasema hakuja kulalamika, alikuja kusalimu tu. Kwa hofu akapiga magoti, akaanza kuchimba mzizi uliokuwa hapo langoni, maana Ngiri akihangaika hula. Kasuku akapaza sauti ili ndani wasikie: "Amekuja Ngiri kutoka Mikindu, amepiga magoti!" Kutoka ndani ikasikika ngurumo ya kuridhika. Ngiri akarudi nyumbani na mzizi mdomoni na shamba likiwa vile vile, mdomoni mwa Fisi.

Jirani yake alikuwa Sungura. Sungura alikuwa na shamba dogo na uvivu mkubwa, na katikati ya hayo mawili palikuwa na akili. Alimsikiliza Ngiri mpaka mwisho huku amelala chali.

"Kosa lako ulikwenda kulalamika," alisema. "Mimi ningekwenda kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Sheria. Umewahi kuisikiliza vizuri? Inasema ndani ya ua wa Boma. Haisemi nje."

"Nje hakuna kitu, Sungura. Wakubwa wote wako ndani."

"Wiki hii wako ndani. Msimu wa kupanda unaingia. Watarudi kusalimia makaburi, na njia ya makaburi inapita wapi?"

Ngiri akageuka kuitazama. Njia ilipita bondeni, ubavuni mwa shamba lake.

"Wanapita mbio," alisema. "Wanaogopa kuchelewa kurudi. Hawatasimama kwa ajili ya shida zetu."

"Hawatasimama kwa ajili ya shida zetu. Watasimama kwa ajili ya zao." Sungura akaketi. "Tembo ametembea tangu alfajiri. Jua kali. Ni mheshimiwa, ana msafara nyuma yake, hawezi kuchuchumaa popote kama sisi. Anahitaji nini kuliko kitu chochote duniani?"

Bi Ngiri, aliyekuwa akisikiliza akiwa na ufagio mkononi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mavuno. "Anahitaji faragha."

"Shemeji, wewe ungekuwa waziri."

"Na wewe ungekuwa umelima," alisema Bi Ngiri. "Lakini sikiliza, shemeji. Mpango huu ukienda mrama, wewe utaruka utakwenda zako. Shamba litakaloondoka ni letu, si lako."

Sungura akasimama, jambo lililomtokea mara chache. "Kweli," alisema. "Basi tuanze na bilinganya zangu."

Kando ya njia, pale inapogusa shamba la Ngiri, walijenga kivuli cha makuti. Waliweka mitungi ya maji, matango, na bilinganya za Sungura, ambazo hazikuwa nyingi. Nyuma kidogo walisuka ua mrefu wa matete, mlango ukitazama kilimani, ndani pamefagiliwa na kumwagwa mchanga laini. Chura, Kanga na Kakakuona wakajenga vyao mbele na nyuma, kila mmoja kando ya shamba alilolilima. Kakakuona alilima la Fisi, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Tembo alipofika alikuwa amevimba uso. Alikunywa maji, akala matango, akaona ua wa matete.

"Kile nini?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Pa kupumzikia, mheshimiwa," alisema Ngiri, magotini. "Hakuna foleni."

Machozi yalimlengalenga Tembo. Bomani waheshimiwa walikuwa wengi na kona zilikuwa chache, na kila asubuhi walipanga foleni kwa ukubwa wa pembe, huku Fisi akisimama mwishoni akiwaharakisha. Tembo aliingia ndani ya matete, akakaa huko kwa utulivu ambao hakuwa ameupata tangu Amri ya Upendo. Alipotoka alikuwa mwepesi, akauliza habari za watoto.

Nyati akafuata, kisha Kifaru, na wadogo zao, na wasaidizi wao. Wakarudi kwa njia ile ile, na kwa kuwa makaburi hayana chakula walirudi na njaa, wakala, wakapumzika tena. Bi Ngiri aliwaaga kila mmoja kwa kumwambia karibu tena, na hajawahi kumaanisha neno kama alivyolimaanisha hilo.

Mpunga ukapandwa kwenye udongo ulioshiba.

Fisi alishuka bondeni na makapu yake kama kawaida. Alipita kwa Kanga, Kanga akamshukuru. Alipita kwa Chura, Chura akamshukuru. Alipofika kwa Ngiri alikuwa ameanza kukereka.

"Kapu ngapi, ndugu yangu?"

"Mwaka huu tumetosheka, Bwana Mtunza. Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Fisi akanusa hewa. Pua yake haikuwa jinga. Akauona ua wa matete, akaelewa, akacheka, lakini kicheko kilikatikia njiani.

"Hiyo ni mali yangu!"

"Imeangukia nje ya ua wa Boma, Bwana Mtunza," alisema Ngiri, akiendelea kuchimba. "Ile ya ndani hatujaigusa. Hata kwa ncha ya ukwato."

Mfanyabiashara mwingine angepunguza bei. Lakini Fisi ni Fisi. Aliona kwamba akiuza kidogo ni lazima auze ghali, ndipo apate kilekile, kwa hiyo akapandisha bei, akarudi Bomani kusubiri wakulima waje kulia. Wakulima hawakuja. Waheshimiwa wa Bomani, kwa upande wao, hawakuacha kula.

Lundo likapanda. Likavuka kimo cha ua, likatazama nje. Mvua ikanyesha juu yake, jua likawaka juu yake, na nzi wakahamia Bomani kwa wingi kuliko waheshimiwa, bila kuhitaji amri.

Simba alikuwa na kiburi, na mwenye kiburi hakubali kwamba nyumbani kwake kunanuka. Aliwauliza wakuu wake, "Mnasikia harufu?" Wakuu, waliokuwa wakipumua kwa mdomo, walijibu, "Harufu gani, Bwana Mkubwa?" Kasuku akatangaza kwamba Bomani hakuna harufu, na kwamba atakayeisikia atatafutwa.

Jambo hilo lingeweza kuendelea hivyo miaka mingi. Lakini asubuhi moja Simba alitoka ukumbini kunyoosha mwili, lundo lilikuwa limeteleza kutoka nyuma na kuja kumlaki, naye akaliingia mpaka kwenye viwiko.

Wote walikuwa wanaikumbuka sheria: mwingine atakayeigusa ataliwa. Wote wakamtazama Kasuku.

"Sheria inasema ncha ya ukwato," alitangaza. "Bwana Mkubwa ana makucha."

Wakuu wakapiga makofi. Simba hakupiga, kwa sababu ya hali ya mikono yake.

"Niitieni watu wa Mikindu," alisema.

Wakulima walifika wakiwa wametetemeka njia nzima, na Ngiri kuliko wote. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, mzuri kama wa enzi za babu, na aliona wazi kwamba angeweza kuliwa kabla ya kuuvuna. Mlangoni Sungura aliwanong'oneza, wakaingia wakakaa duara, bega kwa bega, kama watu waliozunguka sinia.

"Kwa nini hamchukui samadi ya Boma?" aliunguruma Simba. "Nani aliyeanza kuikataa? Wa kwanza ajitokeze!"

Hakuna aliyejitokeza. Simba akazunguka duara akimtafuta wa kwanza. Alianzia kwa Kanga, lakini kabla ya Kanga alikuwapo Chura, na kabla ya Chura alikuwapo Kakakuona, na kabla ya Kakakuona alikuwapo Ngiri, magotini, na kabla ya Ngiri alikuwapo Sungura, na kabla ya Sungura akamkuta tena Kanga. Alizunguka mpaka akapata kizunguzungu.

"Kasuku! Wa kwanza ni yupi?"

"Duara halina wa kwanza, Bwana Mkubwa," alisema Kasuku kwa huzuni. "Wote ni wa pili."

"Na wa pili tunamfanyaje?"

"Tunamsikiliza."

Lilikuwa jambo geni. Simba akaketi. Macho yake yalimwangukia Ngiri, kwa sababu ndiye aliyeonekana ana adabu. "Haya. Sema."

Ngiri alikuwa amejiandalia kauli ndefu. Ikamtoka yote kichwani, ikabaki ya kweli.

"Bwana Mkubwa, sisi hatujakataa kitu. Sheria yako inasema samadi ya Boma ni ya Fisi, na ni yake peke yake. Sisi tunaitii."

Simba akamgeukia Fisi. "Iondoe."

"Bwana Mkubwa, hakuna mnunuzi."

"Sikusema uiuze. Nimesema uiondoe."

"Nitawaita ndugu zangu wanisaidie, Bwana Mkubwa. Na kina Mbweha..."

"Peke yake!" alisema Kasuku, ambaye neno likimwingia halimtoki. "Mwingine atakayeigusa ataliwa! Peke yake!"

"Na mpaka iishe," alisema Simba, akiyatazama makucha yake, "jikoni kwangu usikanyage."

Fisi akabeba kapu la kwanza mgongoni, akatoka nalo langoni, akasimama. Kila ardhi aliyoiona ilikuwa ya mtu. Ya kushoto ya Simba, ya kulia ya Tembo, ya mbele ya wakulima. Mashamba aliyoyanyang'anya yalikuwa machache, na lundo lilikuwa kubwa. Nyuma yake alikuwa ameketi Ngiri, akipumzisha magoti.

"Ndugu yangu Ngiri," alisema Fisi, kapu likimchuruzikia shingoni. "Nikupunguzie bei?"

"Mimi sinunui, Bwana Mtunza."

"Basi nakupa bure."

"Bure ni ghali. Shamba langu limeshiba. Nikiipokea ni kwa kukusaidia tu, kama jirani."

Fisi alielewa. Alikuwa mlafi, hakuwa mpumbavu. "Rehani yako imekwisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimefurahi kusikia. Na shamba la Kakakuona?"

Kapu lilikuwa zito, na jua lilikuwa limepanda. "Na la Kakakuona," alisema Fisi. "Na lile lingine. Na yale mengine. Sogea basi, nipite!"

"Utakapofika, mwambie mke wangu akuonyeshe pa kumwaga," alisema Ngiri. "Usimwage kwenye mitaro. Mitaro ni ya baba wa babu yangu."

Fisi alibeba mvua hadi kiangazi, kiangazi hadi mvua. Uzito ulimwelemea nyuma, mgongo ukaanza kuteremka kuelekea mkiani, na hivyo ndivyo ulivyo hadi leo. Bondeni walivuna mpunga mpaka maghala yakalia. Mengine hayakubadilika sana. Tembo aliendelea kuishi Bomani, ila kila msimu wa kupanda alianza safari mapema, akiwa amekula vizuri. Simba aliendelea kuwala walalamikaji wa kwanza. Hakuwapata wengi, kwa sababu bondeni walikuwa wameanza kukaa duara kila walipokuwa na jambo. Na Ngiri aliendelea kusifiwa kwa adabu yake.

Watu wa Mikindu hupenda kumtazama Fisi akipita na kapu lake, halafu mmoja wao husema ile kauli ya wahenga, mtaka yote hukosa yote. Ngiri, magotini, bila kuinua pua kutoka kwenye udongo wake, humalizia: "Au hupewa."